Aliyemfurusha Ndege Juu ya Mayai Yake Afanyeje?

SUALA

Ndugu yetu mmoja wa mji huu, ambaye amenunua kiwanja Kitengela na ana jamaa zake wafanyao kazi Kajiado, ametuletea suala ambalo twaona lafaa liwe somo la darasa zima. Asema kwamba vibarua wake walipokuwa wakifyeka majani ili wachimbe msingi, kanga jike aliruka kwa kishindo miguuni pao, na mahali alipotoka pakaonekana mayai yapata tisa ndani ya kishimo kidogo chini ya kichaka. Papo hapo watu wakagawanyika. Mmoja akasema mayai yapikwe, kwani ndege akishanusa mkono wa binadamu harudi tena. Wa pili akasema yahamishwe yapelekwe kichaka cha mbali ili kazi iendelee. Wa tatu akasema kufumua kiota siku ya kuanza ujenzi ni mkosi, na hapana budi patolewe kafara kabla jembe halijaingia ardhini. Ndugu yetu auliza: katika hao watatu, nani asemaye haki?

JAWABU

Katika hao watatu hapana hata mmoja. Jawabu kwa ufupi ni hili: watu waondoke hapo mara moja, mayai yaachwe pale pale, sitara iliyofyekwa irejeshwe kwa kadiri iwezekanavyo, na sehemu hiyo ya kiwanja isiguswe mpaka vifaranga watoke. Mkosi hapana, na kafara hapana. Sasa na tueleze kila neno kwa dalili yake, ili msomaji asitufuate kwa kutuamini tu, bali ajue sababu.

MSINGI WA SOMO

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-An'am, yatufunza kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi tulivyo umma. Mwenye kuyazingatia maneno hayo hawezi tena kusema "ni ndege tu".

Kisha tuna hadithi mbili ambazo Imamu Abu Dawud amezipokea, na zote mbili zahusu jambo hili hasa.

Ya kwanza ni ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), na alipokwenda haja yake, Masahaba walimwona ndege mdogo aitwaye hummara pamoja na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Yule ndege akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arejeshewe. Katika hadithi hiyo hiyo imetajwa kwamba aliona kijiji cha sisimizi kilichochomwa moto, akakikataza kitendo hicho, akabainisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake.

Tazameni, ndugu zangu, mambo matatu katika khabari hii. Waliochukua makinda walikuwa ni Masahaba, watu wema, wala hawakukusudia ukatili. Wema wa mtu, basi, haumzuii kudhulumu asipoangalia. La pili, dawa haikuwa maneno ya kusikitika, ilikuwa ni kurejesha. La tatu, haikungojewa kesho.

Hadithi ya pili ni ya Ummu Kurz (R.A.), nayo maana yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha ndege waachwe mahali pao walipo. Neno la Kiarabu lililotumika ni "makinat", na wanavyuoni wamelifasiri kwa njia mbili. Wako waliosema kuwa ni viota na mayai, yaani ndege wasifurushwe juu ya mayai yao. Na Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, ameeleza kwamba Waarabu wa zama za ujinga, mtu akitaka kusafiri, alikuwa akimfurusha ndege makusudi apate kutabiri: akienda kulia, mtu husafiri, akienda kushoto, hurudi nyumbani. Kwa hiyo amri ile ni ya kuwaacha ndege kwa amani na kuacha ushirikina huo. Tafsiri hizi mbili hazipigani. Kwa neno moja yule mwenye kupika mayai amekatazwa dhulma, na yule mwenye kutaka kafara amekatazwa ujinga.

JE, NDEGE HARUDI AKINUSA MKONO WA MTU?

Hili ni neno lililoenea pwani na bara, wala si kweli. Ndege hawaachi mayai kwa sababu ya harufu ya mkono. Wamfukuzao ni hofu na kukawia: watu kusimama hapo wakitazama na kuitana, mbwa kuzungukazunguka, mashine kunguruma karibu. Tena ndege aliyeanza tu kutaga huacha kiota kwa wepesi zaidi kuliko yule ambaye mayai yake yamekaribia kuanguliwa. Basi kila dakika mtu anayokaa hapo ndiyo madhara yenyewe, na anayeondoka upesi amefanya nusu ya wajibu wake.

Liko na kosa jingine linalofanana na hilo. Mtu hukuta mayai, akayashika, akayaona baridi, akasema: "Haya yameachwa, hayana mwenyewe." Lakini kanga na kwale hutaga kidogo kidogo kwa siku nyingi, na hawaanzi kuatamia mpaka mayai yametimia. Katika siku hizo mayai hukaa baridi na mama yuko malishoni, naye ana khabari nayo. Ubaridi wa yai si dalili kwamba limeachwa, kama vile nyumba iliyofungwa mchana si dalili kwamba mwenyewe amehama.

TUWAJUE NDEGE WA NCHI HIYO

Kitengela na Kajiado ni nchi ya mbuga za majani, zilizoungana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande wa kusini mbuga hiyo imepakana na mto bila ua mrefu, na tangu zamani wanyama na ndege hupita wakaingia nyanda za Kitengela. Katika nchi ya majani yenye miti michache, ndege wengi hawana pa kutaga ila ardhini.

Kanga na kwale hutaga chini ya kichaka au ndani ya majani marefu. Sitara yao ni majani. Kanga huatamia kwa muda wa siku 24 mpaka 28.

Ndoero, yule ndege mwenye miguu mirefu myekundu na kofia nyeusi iliyozungukwa na duara jeupe, hutaga mahali peupe penye majani mafupi, mayai mawili au matatu, mara nyingine manne, yenye madoa kama udongo. Huatamia karibu siku 30. Yeye hataki sitara. Ataka aone mbali. Akikaribiwa hupiga kelele na kumrukia mtu kichwani.

Tandawala mkubwa, aliye miongoni mwa ndege wazito zaidi warukao duniani, hutaga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu, na jike peke yake huatamia zaidi ya wiki tatu. Huyu ni mwoga, na hasara ya yai lake moja ni hasara ya mwaka mzima.

Mbuni majike kadhaa hutaga katika kishimo kimoja. Jike mkuu huatamia mchana, na rangi yake ya udongo humsitiri. Dume mweusi huatamia usiku, na weusi wake humsitiri. Muda wao ni kama wiki sita. Subhanallah, hata zamu zao za kazi zimewekwa kwa hekima.

Wako pia ndege ambao mtu akikaribia huanguka na kuburura ubawa kana kwamba umevunjika. Msidanganyike mkamfukuza. Hana maradhi, amejitoa muhanga ili akuvute uende mbali na wanawe. Ukiona hivyo simama, utazame miguuni pako, kwani mayai au vifaranga viko karibu sana nawe.

LA KUTENDA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, simama. Utazame kabla ya kuinua mguu, maana huenda liko yai jingine au kifaranga aliyejibanza. Kisha rudi kwa njia ile ile uliyojia. Mbwa afungwe, na mbuzi na ng'ombe wapitishwe upande mwingine.

Pili, usiguse kitu ambacho hakikuharibika. Kama yai limeviringika nje ya kishimo, lirejeshe taratibu bila kulitikisa. Kama limo lililopasuka, litoe pamoja na udongo uliolowa, ukalifukie mbali, lisije likawaita siafu juu ya mengine.

Tatu, kama umefyeka majani yaliyokuwa yakimsitiri kanga au kwale, chukua majani hayo hayo uyaegemeze juu ya kichaka, yasiyalalie mayai, na uache upande mmoja wazi apate kuingia. Lakini kwa ndoero, tandawala na mbuni usifanye hivyo. Ukimfunika ndege atakaye kuona mbali utakuwa umemtia hofu juu ya hofu.

Nne, ondoka upesi, khasa wakati wa jua kali au mvua. Watu wengi hudhani ndege huatamia kwa ajili ya joto tu. La, katika jua la saa sita za mchana ndoero husimama juu ya mayai ayatilie kivuli, na lau atazuiliwa kurudi, mayai yatapikika juu ya ardhi.

Tano, usirudi mara kwa mara kwenda kutazama, wala usiwaite watoto waje waone. Kunguru ni ndege mwenye akili. Humtazama binadamu apitapo, kisha hushuka pale aliposimama. Njia iliyokanyagwa kila siku mpaka kiotani ni njia uliyomchorea adui. Ukitaka kujua kama mama amerudi, kaa mbali sana umtazame kwa utulivu.

Sita, usihamishe kiota. Ndege ajua mahali kuliko ajuavyo mayai yenyewe. Ukiyapeleka kichaka cha mbali, atarudi pale pa zamani, asione kitu, aende zake. Na mayai yatakufa huko ulikoyapeleka. Hili ndilo jawabu la yule wa pili katika suala letu: nia yake ilikuwa njema, na matokeo yake yangalikuwa sawasawa na ya yule aliyetaka kuyapika.

Saba, vifaranga wa kanga, kwale na ndoero hutembea muda mfupi baada ya kuanguliwa. Ukimkuta mmoja amelala kimya majanini, usidhani ni yatima. Mamake amemwamrisha anyamaze, naye yuko karibu akikungoja uondoke. Mwache. Kama yuko barabarani, msogeze kando kivulini, hatua chache tu. Kama ameumia kweli, khabari yapelekwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, yaani KWS. Kumchukua nyumbani kumfuga si huruma, na tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kumweka ndege wa mwituni bila kibali.

KULA MAYAI HAYO

Hapa yafaa tuseme kweli, tusiharamishe alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Kanga ni ndege halali, na yai lake kwa asili yake ni halali. Lakini uhalali wa kitu hautoshi kuwa ruhusa ya kila namna ya kukipata. Mayai yaliyokwisha kuatamiwa huwa yana vifaranga ndani, na kifaranga aliyeumbika akafa pasipo kuchinjwa ni mzoga, si chakula. Nani basi atayapasua moja moja apate kujua? Atakuwa ameua tisa ili pengine asipate hata moja la kula. Pili, serikali imeweka sheria ya kuwalinda viumbe wa mwituni, na kutii amri iliyo na maslaha ya watu wote ni wajibu wetu. Tatu, ndugu yetu na vibarua wake hawakuwa na njaa ya kuwahalalishia hayo. Duka liko ng'ambo ya barabara.

KAFARA NA MKOSI

Yule wa tatu, aliyetaka kafara, pengine amesikia kwamba katika vitabu vya fiqhi kuna malipo kwa mwenye kuharibu mayai ya ndege. Ni kweli yamo, lakini yamo katika mlango wa Hija. Aliyehirimia akivunja yai la mbuni hulipa thamani yake, na akimwua mbuni mwenyewe fidia yake ni ngamia, hukumu hii ya mbuni imepokewa kutoka kwa Masahaba wakubwa, miongoni mwao Umar na Ibn Abbas (R.A.). Wanavyuoni hawakuliona yai kuwa si kitu, walilipimia thamani. Lakini hukumu hiyo ni ya aliyehirimia na ya eneo takatifu la Makka, haikuwekwa kwa kiwanja cha Kitengela.

Basi aliyemfurusha ndege kwa bahati mbaya hana dhambi, ila ana wajibu wa kutoongeza madhara. Aliyefanya makusudi atubu, arejeshe kinachorejesheka, asirudie. Mwenye kutaka kutoa sadaka na atoe, kwani sadaka ni njema siku zote; lakini asiitoe kwa kuogopa kwamba nyumba yake itaanguka kwa sababu ya kanga. Nyumba huanguka kwa saruji ndogo na msingi mfupi.

NENO KWA WENYE VIWANJA

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ya mwaka 2019 ikawakuta 1,117,840. Ardhi iliyokuwa ya ukoo mzima imegawanywa, na penye majani sasa pana nyua na mawe. Wengi katika wajengao huko ni watu wetu. Hatusemi watu wasijenge. Makao ni haja ya binadamu kama kiota kilivyo haja ya ndege. Twasema kwamba mwenye nguvu ndiye atakiwaye kungoja.

Na kungoja kwenyewe si kwingi. Hakuna haja ya kusimamisha kiwanja chote. Yatosha kuacha kisiwa cha majani cha hatua kumi na tano au ishirini kila upande, na kazi ianze upande mwingine. Alama iwekwe mbali kidogo na kiota, mawe mawili tu, na kila kibarua aambiwe. Kwa kanga ni kama wiki nne tangu aanze kuatamia. Lakini na mwenye kiwanja naye aangalie jambo hili: akiamrisha kazi ingoje, gharama ya kungoja ni yake, wala asimkate kibarua ujira wa siku ile. Si huruma kumhurumia kanga kwa mfuko wa maskini.

Kwa wale ambao hawajaanza: tembeeni kiwanjani kabla ya kufyeka, mkipiga vichaka kwa fimbo taratibu. Fyekeni kutoka katikati kwenda nje, ili kila kiumbe apate njia ya kukimbilia. Mfyekao kutoka pembeni kwenda katikati mwawakusanya mahali pamoja na kuwaua. Wala msichome majani. Kumbukeni kijiji cha sisimizi.

NA SISI WA PWANI

Asije mtu akasema somo hili ni la watu wa bara. Katika visiwa vidogo vya Kiunga na kule Kisite, buabua hutaga kwa makundi juu ya mawe na mchanga mtupu. Mashua moja ikitia nanga, kundi zima huruka, na mayai hubaki wazi juani mpaka watu waondoke. Wapo waendao kuyaokota kwa kapu, na wapo wapitao tu kutazama; wote wawili jua halifanyi tofauti baina yao. Hatua tulizozitaja hapo juu ni zile zile: usishuke kisiwani wakati wa kutaga, ukiwa umeshuka bila kujua, rudi mashuani mara moja, usiguse, usirudi.

MASUALA YA DARASA

1. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud, kwa nini kurejesha makinda kulitangulia kila jambo jingine?

2. Elezeni tafsiri mbili za hadithi ya Ummu Kurz, na jinsi kila moja inavyomjibu mmoja wa watu watatu wa suala letu.

3. Kibarua amekuta mayai baridi chini ya kichaka. Mpeni sababu mbili za kutoyachukua, moja ya kujua desturi za ndege na moja ya sheria.

4. Ni ndege gani afunikwaye kwa majani, na ni yupi asiyefunikwa, na kwa nini?

Wabillahi tawfiq.